Kikojozi wa Brussels

Watu wa Kambu wakiniuliza niliona nini Ulaya, nawaambia niliona mtoto akikojoa. Wanacheka, kisha wanasubiri niendelee na mambo yenyewe, minara na makasri. Naapa sina cha kuongeza. Nilitoka kando ya barabara ya Mombasa nikaruka usiku kucha hadi mji mkuu wa Ubelgiji, nikasimama kwenye pembe ya barabara pamoja na watu wa mataifa yote, simu juu, tukimpiga picha mtoto wa shaba anayejisaidia hadharani. Hicho ndicho kivutio namba moja cha mji.

Binti yetu ameolewa huko. Mumewe ni Mbelgiji mpole, mrefu kama nguzo ya stima, na ndiye aliyetualika mimi na mama watoto kwa matembezi ya siku tatu mjini, halafu wiki moja ya kupumzika nyumbani kwao. Nilidhani kupumzika kungetangulia.

Kabla ya matembezi kuna karatasi. Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi, ni kama mchango wa harambee. Tena lazima ununue bima inayoweza kulipa angalau yuro 30,000, zikiwemo gharama za kusafirisha maiti. Mama watoto aliposomewa kifungu hicho alivua miwani.

"Kwa hivyo tukifa wanatuleta nyumbani, tukiwa wazima tunajilipia?"

Baada ya hapo wanataka ushahidi kwamba utarudi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nina ekari nne, mbuzi kumi na mmoja, na tangi la lita elfu tano ambalo halijawahi kujaa tangu nilinunue. Nani anaacha utajiri huo aende kujificha Brussels? Nilipeleka hatimiliki ya shamba. Karani akaigeuza juu chini, akauliza Kambu ni wapi. Nikamwambia, ukitoka Kibwezi ukienda Mtito Andei. Akauliza, na Mtito Andei? Nikasema, pale mabasi ya Mombasa husimama watu waende choo. Uso ukamng'aa. Kila Mkenya anaijua Mtito Andei kwa kibofu. Sisi wa Kambu hatuna hata sifa hiyo. Abiria akifika kwetu ameshaambiwa avumilie, zimebaki dakika chache.

Nilikaa nikisubiri jibu huku nikiwaza habari za mibuyu ya Kilifi. Mwaka 2022 mibuyu iling'olewa kule na mizizi yake ili ipelekwe nchi ya Georgia ikapandwe bustanini, mpaka rais akaamuru uchunguzi. Mti mzima, mnene kama nyumba, bila taarifa ya benki, bila picha mbili za pasipoti, ulishapangiwa safari ya ng'ambo kabla yangu.

Basi tukafika. Hapo kwenye uwanja wa ndege ndipo matatizo yalipoanza, na sikuyatarajia. Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya, na penye mkwe wa kiume na mama mkwe ndipo inapokuwa kali kabisa. Hawatazamani usoni. Hawali meza moja. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini, hata kama kuna miiba. Vijana wa siku hizi wamelegeza, lakini mama watoto hajalegeza chochote tangu nimjue. Sasa mkwe wetu anatoka nyuma ya kizuizi, mikono imetanuliwa, anakuja kumbusu mama mkwe shavuni kama ilivyo desturi yao. Sijawahi kumwona mwanamke wa miaka sitini na tatu akikwepa vile. Alizunguka kigari cha mizigo mara mbili. Mwishowe busu liliangukia sanduku letu, lile la buluu lenye kamba ya katani.

Kuanzia siku hiyo hawakuzungumza. Mama akitaka chumvi anamwambia binti, binti anamwambia mumewe, chumvi inarudi njia ileile. Ilikuwa safari ya siku kumi yenye mkalimani, na wote wawili wanajua Kiingereza.

Asubuhi iliyofuata mkwe akatoa simu, akatusomea orodha. Kila kivutio kilikuwa na dakika zake. Uwanja mkuu wa mji, dakika arobaini. Kanisa, ishirini. Chokoleti, thelathini. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne na sijawahi kuandaa ratiba kali namna ile, na mimi nilikuwa na kengele. Tena yote ni kwa miguu, juu ya mawe ya mviringo waliyoyapanga barabarani wakayaita ya kihistoria. Kwetu barabara ya namna hiyo tunaiita mbaya, na mbunge anaulizwa.

Sitakataa, ule uwanja mkuu, Grand-Place, unapendeza. Nyumba za vyama vya mafundi na wafanyabiashara zimeuzunguka pande zote, zimepakwa dhahabu kama keki ya harusi. Wafaransa waliupiga mizinga mwaka 1695 ukaungua karibu wote, na wenyewe wakaujenga upya kwa miaka michache tu. Hilo nililistahi. Kuna daraja la kwetu ambalo halikupigwa mizinga na mtu yeyote, lilianguka lenyewe, na linasubiri bado.

Tulienda pia Atomium, mipira tisa mikubwa ya chuma iliyounganishwa kwa mabomba, mita 102 kwenda juu. Ni umbo la chembe za chuma zilizokuzwa mara bilioni 165, lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1958. Mimi nilikuwa nikifundisha atomu kwa viazi na njiti za kiberiti. Wanafunzi walielewa, na baada ya somo tulikula viazi. Pale unalipa, unapanda, unatazama nje, unaona kwamba mahali pote penye kutazamwa umeshapafikia kwa miguu na visigino bado vinauma.

Siku ya pili, karibu na saa tano, mkwe akapunguza mwendo. Akageuka na tabasamu la mtu aliyehifadhi kitamu mpaka mwisho. Mbele yetu watu walikuwa wamejaza pembe ya barabara, wamepangana kama wanaosubiri kupiga kura. Nikajua hapa pana kitu. Nikanyoosha shingo. Nikaona ukuta, na ua wa chuma, na juu yake kitoto cha shaba kisichofika mkono wangu kwa urefu, sentimita hamsini na tano hivi, uchi wa mnyama, mkono kiunoni, kinakojoa.

"Manneken Pis," mkwe akasema kwa fahari.

Naomba msomaji apate picha kamili. Upande wangu wa kulia amesimama mkwe wangu. Kushoto, mke wangu, ambaye hajamtazama mkwe huyo machoni kwa heshima. Katikati yetu, kwa mwaliko wa mkwe, kuna uchi. Mama watoto aliona sekunde moja, akajifunika leso usoni, akageukia dirisha la duka. Dirishani kulikuwa na Manneken Pis mia mbili wa chokoleti. Akageukia duka la pili. Huko alikuwa mkubwa wa plastiki, ameshika andazi lenye vishimo-vishimo wanaloliita waffle. Akabaki anatazama chini, kwenye yale mawe ya kihistoria, na hapo ndipo yalipopata kazi ya maana.

Mkwe hakuona chochote. Alitufundisha kwamba sanamu hiyo ilifinyangwa na Jérôme Duquesnoy mwaka 1619. Kwamba imeibwa mara kadhaa. Kwamba, na hili alilisema kama jambo dogo, huyu tunayemwona si yeye; yule halisi amewekwa makumbusho, anayekojoa ni nakala. Hebu nisaidie. Nimelipa viza, nimelipa bima ya maiti, nimefika, naonyeshwa kaimu!

"Na ana nguo zaidi ya elfu moja," binti akaongeza. Nchi na vyama mbalimbali humletea suti, na zina jumba lake la maonyesho tangu 2017.

Sauti ikatoka ndani ya leso: "Mwambie mumeo, mtu mwenye suti elfu moja, mbona yuko uchi?"

Swali likatafsiriwa. Mkwe akafikiri. Akajibu kwamba huvalishwa siku maalumu. Jibu likatafsiriwa. Leso haikuridhika. Mkwe akajaribu kuokoa hali kwa kutueleza kwamba kuna mwingine wa kike, wa mwaka 1987, aliyechuchumaa kwenye kichochoro upande wa pili wa uwanja mkuu, na mbwa wa shaba aliyeinua mguu, wa 1998. Ukoo mzima. Nikamwomba, kwa niaba ya ukoo wangu, tusiende.

Kilichofuata kilikuwa cha haki kabisa: mimi nami nikabanwa. Nikauliza choo. Nikaelekezwa kwenye mkahawa, chini kwa ngazi, ambako mama mmoja alikuwa ameketi na kisahani chenye sarafu. Yuro moja. Hizo ni karibu shilingi mia na hamsini. Mji uliompandisha jukwaani mtoto anayekojoa barabarani bila leseni, ukamshonea suti elfu, unamtoza babu mstaafu wa Kambu shilingi mia na hamsini kwa kazi hiyohiyo, tena akiwa amejificha. Na ukijaribu kumwiga mtoto wao nje, ni faini. Nililipa. Nilikaa mle ndani muda mrefu kuliko nilivyohitaji, ili hela yangu itumike.

Niliporudi nilikuta hesabu zinapigwa. Hapo lazima nieleze kwamba mama watoto hajali yuro wala dola. Kwake fedha ya kweli ni mtungi: lita ishirini, shilingi ishirini pale kioskini, na kiangazi kikichachamaa bei haitajwi mbele ya watoto. Tangu tulipotua alikuwa akibadilisha kila kitu. Kahawa ya uwanja mkuu, mitungi thelathini. Tikiti ya Atomium, usiseme. Sasa alikuwa amemtuma binti amuulize mumewe maji ya yule mtoto yanatoka wapi na yanaenda wapi.

Mkwe, masikini, akadhani hatimaye tumependezwa. Akasema maji hayo huzunguka, yakitoka yanarudi, yanatoka tena. Vizuri. Kisha ukweli wa Kibelgiji ukamshinda, akaongeza kwamba hiyo ni tangu mwaka 2019 tu. Kabla ya hapo kila mtu mjini aliamini yanazunguka, mpaka fundi mmoja alipofunga kipimo, wakagundua kwamba mtoto alikuwa akimwaga maji safi ya kunywa moja kwa moja kwenye mtaro wa maji taka. Kati ya lita 1,500 na 2,500 kwa siku.

Leso ikashuka. Kwa mara ya kwanza mama watoto alimtazama yule mtoto usoni, bila haya, kama mwizi aliyeletwa mbele ya baraza.

"Mitungi mia na ishirini na mitano," akasema. "Kwa siku."

Nikamwambia hiyo ni pale alipozidisha.

"Akipunguza, sabini na mitano. Usimtetee."

Hakusema tena mpaka jioni, na jioni yenyewe haikuja. Mwezi wa Julai kule jua halijui nyumbani kwao. Saa nne za usiku mwanga wake bado ulikuwa dirishani, nasi tumelala chali kama wagonjwa, mke wangu akizidisha mitungi kwa siku za mwaka.

Siku ya tatu tulitoka nje ya orodha. Mkwe ndiye aliyependekeza, kwa sauti ya chini, twende Tervuren, pembeni mwa jiji, penye makumbusho ya Afrika. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili aliwaletesha pale Wakongo 267, wakajengewa vijiji vya maonyesho, na zaidi ya watu milioni moja wakaja kuwatazama. Saba kati yao walifia hukohuko. Makaburi yao yako kando ya kanisa, yamepangwa, na majina yameandikwa. Hata kwenye yale maonyesho ya 1958 yaliyotupa mipira tisa kulikuwa na kijiji cha Wakongo wa kutazamwa. Mama watoto alivua kofia ya jua aliyonunuliwa, akasimama kwa kila kaburi. Mkwe alisimama nyuma, mbali, mikono mgongoni. Sikuwa na la kulalamika mahali pale, na hatukupiga picha.

Mwaka uliofuata zamu ikawa yetu. Binti akaleta mumewe Kambu mwezi wa Oktoba, mwezi mbaya kuliko yote, majani yameisha, mvua ya Novemba bado ni maneno tu. Walishuka garimoshi Kibwezi, kwa kuwa reli ya SGR inapita kwetu tangu 2017 lakini haisimami. Tunaonekana kwa dirisha, kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa, na nadhani tunapendeza. Kabla hajamaliza chai mkwe akaniuliza ni vivutio gani vya Kambu asivikose. Alikuwa ametafuta kwenye simu, na simu ikampeleka Mombasa.

Nikamwandikia orodha, na dakika nikaweka.

Mbuyu ulio nyuma ya soko, dakika kumi. Mto, dakika kumi na tano, ishirini kwa mtu anayehitaji kueleweshwa kwamba ule mchanga mtupu ndio mto, na maji yako chini, unachimba. Hekalu la Masingasinga pale Makindu, lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli: hapo nilimwachia asubuhi nzima. Msafiri yeyote, dini yoyote, anaingia, anavua viatu, anafunika kichwa, anakula dengu na chapati bila kutoa senti. Mkwe alikula sahani mbili, kisha akasimama mlangoni na pochi mkononi akitafuta kisahani cha sarafu. Alihangaika sana. Nikamwambia hapa hata choo ni bure. Akataka kupiga picha choo.

Tukaenda pia Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, ambako mvua iliyonyesha Chyulu huchomoza chini ya miamba, safi kama kioo, na kuna chumba cha chini ya maji unachungulia samaki, na viboko ukibahatika. Maji hayo yana bomba linalokwenda hadi Mombasa. Mkwe akauliza kama Kambu nayo inapata. Binti hakutafsiri swali hilo kwa mama yake. Ana busara.

Kivutio cha mwisho niliandika hivi: kioski cha maji, muda haujulikani.

Nilimpeleka saa kumi na mbili asubuhi. Foleni ilikuwa imeshapangwa, mitungi ya manjano iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, mmoja nyuma ya mwingine mpaka kwa fundi baiskeli. Wenyewe hawapo. Mtungi unasimama kwa niaba ya mtu, na asiye na mtungi wa ziada anaweka jiwe, au ndala moja. Midomo imezibwa kwa magunzi ya mahindi na vipande vya nailoni. Mkwe alizunguka foleni mara mbili akiinama, akipiga picha gunzi moja moja kwa makini, na wanawake wakamtazama walivyomtazama. Nikamsikia mmoja akimuuliza mwenzake kama ametumwa na kaunti.

Maji yalifika saa tatu. Bomba lilikohoa, likatema hewa, likatema kutu, kisha likaanza. Zamu yetu ikaja karibu na saa tano, saa ileile, nikakumbuka, tuliyokuwa kwenye pembe ya barabara Brussels. Nikalipa shilingi arobaini. Mkwe akasisitiza abebe mitungi yote miwili, mmoja kila mkono, na kwa urefu ule nikaona si vibaya. Mimi nilibeba magunzi, maana alisema yanavuja hata hivyo.

Njia nzima alikwenda vizuri. Tulipita kanisa, tukapita duka la dawa za mifugo, watoto wakitufuata. Tukafika langoni kwetu. Mama watoto alikuwa uani anapembua pojo, na alipomwona mkwe akageuza kiti akampa mgongo, kama inavyopasa. Hapo ndipo mguu wa mkwe ulipopata ule mzizi wa mwarobaini ambao sote tumeuruka miaka ishirini bila kufikiri. Hakuanguka. Alipepesuka, akajishika, lakini mtungi wa mkono wa kushoto ulilala, mdomo wazi, na maji yakaanza kwenda zake, glu, glu, glu, kwenye vumbi.

"WEWE! MAJI HAYO!"

Mbuzi waliinuka. Mama watoto alikuwa amesimama, ungo umeanguka, kidole kimemwelekea mkwe, macho kwa macho. Nikamwona anavyong'amua alichofanya. Mkono ukaenda mdomoni. Akachukua leso, akazunguka nyuma ya jiko, na hatukumwona tena mpaka giza.

Mkwe alikuwa ameganda, magoti yamelowa, mdomo wazi. Ilikuwa mara ya kwanza mama mkwe wake kumsemesha.

"Amesema nini?" akamuuliza mkewe kwa sauti ndogo.

"Amesema karibu," binti akajibu.

Mkwe akatikisa kichwa polepole. Akainama, akausimamisha mtungi uliobaki na robo, akaninyooshea mkono nimpe gunzi. Akaziba. Kisha akaubeba kwa mikono yote miwili, kifuani, akapiga hatua moja moja kuelekea jikoni.